Maziwa Hayabebi Nasaba

Nina ugonjwa mmoja wa siku nyingi: nikilijua jambo siwezi kukaa nalo kimya. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Jumamosi mchana, saa ambayo wanaume wa rika langu wamejilaza, mimi huwa nafundisha bure kwenye chumba cha juu cha jengo moja karibu na Mnazi Mmoja, chumba chenye feni inayozunguka ikipenda. Wanaokuja ni vijana wa mitaa ya Kariakoo: wauza maduka, mafundi simu, wanafunzi wa sekondari, wasichana wawili wa saluni. Somo letu ni uhai katika anga za mbali. Yaani siku chombo kikitua kwenye sayari nyingine na kukuta kitu kinatikisika kwenye tope, tutajuaje kwamba ni kiumbe hai na si tope tu linalotikisika?

Majirani zangu wanacheka. Mmoja mwenye duka la vitenge aliniambia, "Mwalimu, watu hapa wanatafuta riziki, wewe unatafuta wadudu wa Mirihi." Namwacha acheke. Mtu hawezi kuutambua uhai wa kule kabla hajauelewa wa hapa, kwa hiyo masomo yangu mengi wala hayatoki Kariakoo. Naanza na moto wa jiko. Moto unakula, unavuta hewa, unakua, unazaa moto mwingine. Je, una uhai? Hapo darasa hugawanyika, watu husimama, sauti hupanda kama wanabishania penalti. Nawaacha wachoke, halafu nawaambia: moto haurithi. Moto wa kuni ukiwasha mkaa, mkaa hauchukui chochote cha tabia ya kuni. Kiumbe hai ni kile kinachobeba habari za wazazi wake na kuzikabidhi kwa wanawe, na katika kuzikabidhi hukosea kidogo.

Hayo makosa ndiyo nayapenda kuliko yote. Nawapeleka Mtaa wa Kongo kwa maneno. Kiatu kimoja kimenakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, na njiani mshono ukakaa upande. Makosa mengi huharibu kiatu na kiatu hubaki kwenye turubai mpaka mwenyewe anakitupa. Lakini siku moja kosa linapanua sehemu ya vidole, wenye miguu mipana wanakimaliza chote, na mzigo unaofuata unakuja na kosa lilelile kwa wingi. Hakuna aliyepanga. Mguu wa mteja ndio umechagua. Basi viumbe navyo vimegeuka hivyo, taratibu, kwa miaka mingi kuliko ambayo kichwa kinaweza kubeba. Kuna mzazi mmoja alipanda ngazi kuniuliza kama nawafundisha watoto kwamba babu yao ni nyani. Nikamwambia nawafundisha kwamba wana ndugu wengi kuliko wanavyodhani. Hakuridhika, lakini mwanawe bado anakuja.

Kisha ndipo naandika zile herufi nne za vinasaba ubaoni, kubwa, kwa kalamu nyekundu. Mchicha umeandikwa kwa hizo. Papa anayekatwakatwa pale Feri, hizo hizo. Fangasi wa vidoleni, sheikh, mwalimu, wote herufi nne. Ndiyo maana tunasema viumbe wote wa dunia hii wametoka kwa mzee mmoja. Tukikuta kiumbe huko mbali kilichoandikwa kwa herufi nyingine, tutajua kwamba uhai umeanza mara mbili. Nikifika hapo simu hutoka mifukoni, nami husimama pembeni ya ubao kidogo ili nisiwazibe wanaopiga picha. Nilikuwa najipenda sana pale kwenye ubao.

Majina nayaacha. Mtaa wetu hauna siri, lakini una watu wazima wanaostahili heshima.

Mtaa wa Narung'ombe, kwenye moja ya nyumba chache za zamani zilizobaki katikati ya maghorofa, anaishi mama mmoja ambaye kila mtu anamwita Bibi. Mimi namwita Mama, na nina sababu. Nilipozaliwa, mama yangu alishikwa na homa kali ya uzazi na maziwa yakamkauka. Tulikuwa tunaishi nyumba ya vyumba vingi yenye ua mmoja, na chumba cha kuelekeana na chetu kilikuwa na mwari aliyeolewa karibuni, ananyonyesha binti yake wa kwanza na jioni anakaanga samaki barazani. Alinichukua kabla kitovu changu hakijadondoka. Binti yake ziwa hili, mimi lile. Mama yangu alipopona maziwa hayakurudi, kwa hiyo niliendelea kwa yule mwari mpaka nikaacha.

Kwetu sisi Waislamu wa pwani jambo hilo lina hukumu yake. Mtoto aliyenyonya kwa mwanamke ni mwanawe. Watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, na ndoa kati yao ni haramu kama kati ya watu wa tumbo moja. Na watoto wa huyo aliyenyonya hawawezi kuoana na ndugu zake hao pia, maana ni baba zao wadogo na shangazi zao.

Pale uani kila mtu alilijua hilo, na kwa sababu kila mtu alilijua, hakuna aliyeona haja ya kulisema. Kisha nyumba ikavunjwa, ghorofa likapanda, tukapewa sehemu yetu huko juu, Bibi akahamia Narung'ombe, na waliojua wakafa mmoja mmoja au wakahamia Mbagala na Tandika. Bibi anamwita kila mtu mwanangu, hadi muuza maji. Mimi nami, kama mtu mwenye adabu zake, namwita kila mama mtu mzima Mama. Mtu wa nje angejuaje? Na nikiwa mtoto wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nanuka samaki kwa kunyonya kwa mkaanga samaki, kwa hiyo hata mimi sikuwa na haraka ya kulitangaza.

Bibi alipata kitinda mimba uzeeni, mtoto ambaye hakumtarajia. Kijana huyo alilelewa Tanga kwa watu wa baba yake. Amerudi mjini miaka hii ya karibuni, mama yake alipoanza kudhoofu, na amefungua kibanda cha vipuri vya simu Mtaa wa Aggrey. Kijana mpole, anaswali, hana makuu. Mimi ananiita Mwalimu, kama wote. Nami nina binti, anafanya kazi kwenye duka la dawa, na Ramadhani iliyopita kila jioni alikuwa akishuka na bakuli la tambi au la mihogo ya nazi kulipeleka kwa Bibi. Nilimsifu kwa mke wangu. Nilisema, tumelea. Mke wangu aliniangalia tu akaendelea kupepeta mchele.

Ilikuwa baada ya Idi, asubuhi, nikasikia hodi mlangoni na pumzi za mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mama. Lifti mbovu, si ungenipigia nikashuka mimi?"

Alikuwa anacheka. Alikaa kwenye kochi, akajipepea na ncha ya khanga, akaendelea kucheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakuonekana tena kuwa ya kicheko.

"Mwanangu, huyu mdogo wako kanitia wazimu. Jana kaniambia niandae wazee, tulete posa."

"Heri hiyo. Posa kwa nani?"

"Kwa nani tena? Kwa mwanao! Nikamwambia, we mtoto umerogwa? Yule ni mtoto wa kaka yako. Akanitolea macho kama nimesema Kichina. Kwani hukumwambia mwanao?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na chujio la chai mkononi. Chai ilikuwa inadondoka sakafuni na hakuiona.

"Baba," alisema, "kaka yake ni nani?"

Nilimwambia, nikiwa natazama zulia. Sijui kama kuna aibu inayofanana na ile, ya kumweleza mtoto wako mtu mzima kwamba amempenda baba yake mdogo, na kwamba ungeweza kumwokoa kwa sentensi moja wakati wowote tangu alipojua kusema. Hakulia. Alirudi jikoni, akawasha bomba la maji, na halikuzimwa kwa muda mrefu. Mke wangu alimfuata. Bibi akanipigapiga goti, akasema, "Usijali, mwanangu. Tumechelewa kusema, lakini hatujachelewa kuzuia." Alikuwa ananifariji, na mimi sikutaka kufarijiwa.

Mimi aibu ikinishika haikai aibu. Hugeuka hasira, na hasira yangu hutoka kama somo. Nilipofika ghorofa ya chini kumsindikiza Bibi nilikuwa tayari nimeshapata hoja, na nilipopanda tena nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba hoja ile ni kwa ajili ya furaha ya mwanangu. Nani alisema undugu unapita kwa maziwa? Nilikuwa na ushahidi wote. Nikamwambia mke wangu tuitishe kikao.

"Cha nini?" aliuliza. "Neno si limeshasemwa?"

"Limesemwa bila elimu."

Tulikaa Jumapili baada ya alasiri, sebuleni kwangu. Alikuwepo sheikh wa msikiti wetu, mtu wa taratibu ambaye wapwa zake wawili wanasoma kwangu Jumamosi. Alikuwepo Bibi na mwanawe, mke wangu, na binti yangu ambaye alikaa karibu na dirisha. Nami nilikuwa nimeuleta ubao. Ndiyo, ubao mweupe wa darasani, nimeubeba kichwani kutoka Mnazi Mmoja, nimeuegemeza kwenye kabati la vyombo. Hata sasa nikiliona lile kabati naangalia pembeni.

Sheikh alianza kwa dua, kisha akamuuliza Bibi kwa upole kama alininyonyesha nikiwa mchanga, na kama nilinyonya nikashiba, si kuonja tu.

"Sheikh wangu," alisema Bibi, "huyu kanyonya mpaka kaota meno, na yalipoota akaning'ata. Alama ninayo." Wote wakacheka, hata binti yangu alitabasamu kidogo. Bibi alinitazama kwa namna mama anavyomtazama mwanawe aliyekuwa mtundu.

"Basi mambo yako wazi," alisema sheikh. "Vijana, Mwenyezi Mungu atawapa badala iliyo bora."

Hapo ndipo nilipoinua mkono, kama mwanafunzi, nikasimama.

Niliwaeleza vizuri. Nakiri hilo, na linaniumiza kwamba nilieleza vizuri. Niliandika herufi nne. Nikasema kila kiumbe hupokea maandishi yake siku mbegu ya baba na yai la mama vinapokutana, na baada ya hapo kitabu kimefungwa. Nikasema maziwa ni chakula. Yakifika tumboni asidi inayavunja, protini zinakatwa vipande vidogovidogo, mtoto anajijengea navyo mwili wake mwenyewe kwa ramani yake mwenyewe, kama fundi anavyonunua tofali bila kununua nyumba ya mfyatua tofali. Nikasema hata kwenye sayari nyingine, tukikuta viumbe viwili na tukataka kujua kama ni ndugu, hatutauliza nani kamlisha nani. Tutasoma maandishi yao. Sheikh alikuwa ananisikiliza kwa makini, jambo lililonipa kiburi zaidi.

"Na kama maziwa yangeleta undugu," nikamalizia, "basi nusu ya watu wa mji huu wangekuwa ndugu wa ng'ombe."

Darasani mzaha ule ungechekesha. Nilingoja kicheko. Kijana wa Bibi ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, inatosha." Nikageuka nikamwona Bibi. Alikuwa ameshika mikono yake miwili mapajani na anautazama ubao, ule wenye herufi nne ambazo hajui kuzisoma, kwa bidii ya mtu anayetafuta jina lake kwenye tangazo.

"Kwa hiyo," aliuliza, "kutoka kwangu kuja kwako hakikupita kitu?"

Ningeweza kukaa chini. Ningeweza kusema, Mama, hiyo ni habari ya vinasaba tu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, na mbele ya ubao mimi huwa sirudi nyuma.

"Hakikupita kitu," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Sheikh akakohoa, akasema elimu ya maumbile ina heshima yake, lakini hukumu hii haikujengwa juu ya damu wala herufi. Imejengwa juu ya kunyonya, na kunyonya kumethibiti. Akafunga kikao kwa Fatiha. Bibi alitafuta kandambili zake mlangoni kwa mguu, bila kuinama, na mwanawe akamshika mkono wakashuka. Chai ilikuwa imeandaliwa na hakuna aliyekunywa.

Jumatatu asubuhi binti yangu alinikuta jikoni. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazini.

"Baba, naomba nikuulize. Jana ulikuwa unamtetea nani?"

"Wewe, mwanangu."

"Mimi nilishaamua siku ile ile Bibi aliposema. Na yeye alishaamua. Tulishaongea, tukalia, tukamaliza. Hatukukuomba kitu." Akafunga vifungo vya koti. "Nilikuja kwenye kikao ili Bibi asiwe peke yake. Ukamwacha peke yake wewe."

Alikunywa maji akaondoka. Nilikaa pale jikoni na nikaona waziwazi kile nilichokuwa nimekifanya: nilitaka sheria ibadilike ili nisiwe baba aliyesahau kumwambia mwanawe. Hiyo tu. Ndoa ilikuwa kisingizio changu, na nilikuwa nimemkanyaga yule mama ili nifike.

Kila Ijumaa baada ya swala huwa nampima Bibi presha. Ijumaa ile sikwenda. Nilimtuma mke wangu aseme nina mafua. Mtu mzima mwenye mvi, nilijifungia chumbani nikisingizia mafua.

Jumamosi nilikwenda kufundisha, maana ubao ulikuwa lazima urudi. Habari za Kariakoo hazingoji mtu, na nilipoingia nilijua kwa namna walivyonyamaza kwamba wameshasikia. Tulikuwa tunarudia somo la jinsi seli zetu zilivyopata nguvu zao. Msichana mmoja wa saluni akainua mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, naomba kutoka nje ya mada. Eti ni kweli maziwa hayapitishi kitu?"

Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua. Na wala hakuwa nje ya mada, hilo ndilo lililonimaliza. Wiki chache kabla ya kikao, kwenye chumba kile kile, kwa kalamu ile ile, nilikuwa nimewafundisha kwamba ndani ya kila seli yetu kuna kijumba kidogo kinachotupa nguvu, mitokondria, na kwamba zamani za kale kijumba hicho kilikuwa kiumbe cha pekee. Kiliingia ndani ya seli nyingine, hakikumeng'enywa, kikakaa. Kilikuja kama mgeni, na leo hakuna mnyama wala mmea unaopumua bila mgeni yule. Niliwaambia kwamba uhai wa dunia hii haukujengwa kwa kuzaa peke yake. Umejengwa pia kwa kupokeana. Niliisema sentensi hiyo mwenyewe na nikaona wanaiandika.

Na kuhusu maziwa nilijua zaidi ya hapo. Nilijua kwamba maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Haimo kwa ajili yake. Imo kwa ajili ya bakteria wema wanaotakiwa kukaa tumboni mwake, na baadhi ya bakteria hao wanatoka humo humo kwenye ziwa. Mtoto huzaliwa tumbo likiwa karibu tupu, na anayemnyonyesha anampandia shamba. Wanazaana humo, kizazi baada ya kizazi, wakirithishana herufi zao nne. Nilijua kwamba kinga za mwili wa mama hupita kwenye maziwa zikasimama mlangoni mwa tumbo la mtoto kuzuia maradhi. Nilijua hata kwamba seli zake hai hupita. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama sebuleni, na niliyaruka. Sikusema uongo kwenye herufi hata moja, na bado nilidanganya.

Nikamjibu yule msichana. Nikasema vinasaba vya kurithi kwa wazazi havibadilishwi na maziwa, hilo ni kweli. Kisha nikamwambia mengine yote. Nilisema inawezekana kabisa kwamba ndani yangu, mimi mwalimu wao, kuna uzao wa viumbe vidogo waliotoka kwa mama aliyenilea, na kwamba bila kinga zake ningekufa kabla sijafikisha umri wa kuwachosha. Wakacheka, wakaandika. Nilifundisha vizuri siku ile pia, na sauti yangu haikutetemeka mpaka mwisho. Mtu pekee aliyestahili kulisikia somo lile alikuwa Narung'ombe, amekaa kitandani kwake.

Ijumaa iliyofuata nilimwomba mke wangu anisindikize. Nilibeba mashine ya presha na maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha: bakteria, sukari, kinga. Nilikuwa nimetafuta hata namna ya kuyasema bila istilahi. Nilikuwa narudi tena na somo, Mungu anisamehe, kwa sababu sijui kubeba kitu kingine.

Inabidi nieleze hapa jinsi ninavyoingia kwa Bibi. Mwanamke wa kwetu hujifunika kichwa mbele ya mwanamume asiye maharimu yake, na hampi mkono. Mbele ya mwanawe hana haja. Mimi tangu kuzaliwa nimemwona Bibi kichwa wazi. Namjua nywele zake zikiwa nyeusi, namjua sasa zikiwa nyeupe zimesukwa mabutu mawili. Huwa napiga hodi nikiwa nimeshaingia, nakaa kitandani kwake, nampandisha mkono wa gauni na kumfunga ile mashine, naye huwa ananisema kwamba mikono yangu ni ya baridi.

Nilipiga hodi nikasukuma pazia.

"Subiri!" alisema. "Subiri hapo hapo, Mwalimu."

Sikumbuki kama aliwahi kuniita hivyo. Nilirudi hatua moja ukumbini. Nilimsikia akihangaika, kitanda kikilia, mwanawe akimuuliza anatafuta nini. Pazia lilipopeperuka niliona amejitanda mtandio mweusi mpaka chini ya kidevu na buibui juu yake, mama wa umri ule, kwenye joto lile, ndani ya chumba chake mwenyewe.

"Mama, ni mimi," nilisema.

"Najua ni wewe. Karibu ukumbini. Mashine mpe mkeo."

Mwanawe alikuwa amesimama katikati yetu, hajui atazame wapi. "Mama, jamani. Sheikh si kashasema huyu ni mwanao? Na hata asingekuwa, mtu mzima kama wewe ameruhusiwa kuacha buibui."

"Sheikh hakunyonya," alisema Bibi. Sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Aliyenyonya kasema hakikupita kitu. Sasa kama hakikupita kitu, huyu ni mume wa watu, na mimi nina Mungu wangu. Nimekaa kichwa wazi mbele yake miaka yote hii kwa kutojua. Nisikae tena kwa kujua."

Ningemwambia nini? Kwamba kuna bakteria? Nilimpa mke wangu mashine, akaingia, pazia likashuka. Nilisikia ile pampu ikijaa na kuishiwa. Nilisikia mke wangu akisema presha imepanda kidogo, na Bibi akisema ni chumvi. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa watu kama mtu aliyekuja kudai kodi, nikilia, na kijana wa Aggrey, mdogo wangu ambaye sikuwahi kumwita mdogo wangu, akajifanya anatafuta ufunguo ili nisione kwamba ameniona.

Kisha sauti ya Bibi ikaja kutoka ndani, ya chini, ile ambayo mwanamke huitumia kwa mwanamke mwenzake.

"Ameshakula?"

"Bado," alisema mke wangu. "Tangu jana hali."

Vyombo vikagongana. Baadaye mkono ukatoka pembeni ya pazia na sahani ya wali na samaki wa kukaanga. Ulikuwa umezungushiwa khanga mpaka kwenye vidole, ili ngozi yake isiguse yangu. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikala nimesimama pale pale ukumbini, na yeye upande wa pili wa pazia hakuondoka mpaka aliponisikia nimemaliza.